Somo la Kazi za Mikono: Kabla Kikundi Hakijanunua Mashine ya Kukatia Karatasi



Wako akina mama na vijana vijijini wanaotengeneza kadi kwa mikono. Hutengeneza kadi za michango ya harusi, kadi za ubatizo, kadi za Idi na Krismasi, na vijiboksi vya zawadi. Hukata maua ya karatasi kwa mkasi, wakabandika kipande cha kitenge au ganda kavu la mgomba. Kazi inapendeza. Lakini mkasi unachelewesha, na vidole vinauma.

Basi siku moja mwanakikundi anarudi kutoka mjini na habari. Ameona mashine ndogo ya kukatia karatasi. Haitumii umeme. Unazungusha mkono tu, ua linatoka. Anasema, "Jamani, tununue!"

Hebu tusubiri kidogo. Fedha ya kununulia hutoka kwenye sanduku la kikundi. Ni hisa za watu, ni jasho la watu. Mashine ikiwa siyo, itawekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa, na kikundi kitaanza kulaumiana. Vikundi havivunjiki kwa umaskini tu. Huvunjika pia kwa kitu kilichonunuliwa bila hesabu.

Somo la leo ni hili: namna ya kuchagua mashine hiyo, na namna ya kujua kama mnaihitaji.

MASHINE HII NI KITU GANI?

Je, umewahi kukata biskuti kwa mdomo wa glasi? Unakandamiza glasi juu ya unga uliosukumwa, unapata duara. Unakandamiza tena, unapata duara lingine sawa na la kwanza. Panchi ya ofisini nayo hufanya kazi hiyo hiyo. Kila tundu inalotoboa lina ukubwa ule ule.

Mashine ya kukatia karatasi ni hivyo hivyo. Ina sehemu nne za kukumbuka.

1. Rola mbili za chuma, moja juu na moja chini. Kama umeona mashine ya kukamulia juisi ya muwa, umeziona rola hizo.

2. Mkono wa kuzungushia. Ukiuzungusha, rola zinavuta kitu kilichowekwa kati yake na kukikandamiza kwa nguvu.

3. Kisu cha umbo. Ni chuma chenye makali kilichopindwa kwa umbo la ua, jani, moyo, nyota au herufi. Wenye maduka wengine hukiita dai.

4. Vibao viwili vya plastiki ngumu. Kisu na karatasi hulala kati ya vibao hivyo, kama nyama kati ya vipande viwili vya mkate. Vyote vinaingizwa pamoja katikati ya rola.

Zipo pia mashine za kushindilia kwa wenzo. Hizo hazina rola. Unavuta wenzo kwenda chini, kisu kinakandamizwa mara moja. Tena zipo mashine zinazoongozwa na kompyuta, nazo hutaka umeme. Somo hili linahusu ya rola, kwa sababu inafanya kazi hata mahali pasipo na umeme, na fundi wa kijijini anaweza kuielewa kwa kuitazama.

ILITOKA WAPI?

Kukata kwa kisu cha umbo si jambo jipya. Katika karne ya 19 mafundi viatu walianza kukata soli kwa njia hii, ili soli za kipimo kimoja zilingane.

Halafu mwaka 1879, nchini Marekani, Robert Gair alikuwa na kiwanda cha mifuko ya karatasi. Siku moja chuma kilichotakiwa kukunja mifuko kilikaa vibaya, kikaikata badala ya kuikunja. Mifuko iliharibika. Lakini Gair aliona jambo. Ikiwa chuma kimoja kinakata na kingine kinakunja, basi kazi zote mbili zinaweza kufanyika kwa mpigo mmoja. Akaanza kutengeneza maboksi kwa njia hiyo. Boksi la dawa au la sabuni unaloliona dukani limekatwa kwa njia iliyotokana na hiyo.

Tunajifunza nini hapa? Faida kubwa ya mashine hii ni kulinganisha. Mtu akiagiza kadi 100 za mchango, hataki kadi ya mwenyekiti wa harusi iwe na ua zuri na ya jirani iwe na ua lililopinda. Kama kazi yenu haihitaji vitu vingi vinavyolingana, mkasi unatosha.

ANZENI NA KAZI, SIYO MASHINE

Kabla ya kwenda dukani, kikundi kikae na kujibu maswali matatu.

Kwanza: Tunatengeneza nini, na nani ananunua? Siku hizi watu wengi hutumiana kadi za michango kwa simu. Kadi ya mkono itanunuliwa na yule anayetaka kitu cha kushika na kuweka. Mtafuteni mtu huyo kwanza. Muulizeni anataka ngapi.

Pili: Ni umbo gani tunalikata mara nyingi zaidi? Wekeni mezani kadi zote mlizouza. Hesabuni. Huenda mtaona kuwa maumbo matatu tu ndiyo yanayorudiwa. Basi mnahitaji visu vitatu, siyo kumi na vitano.

Tatu: Mkasi unatuchelewesha kiasi gani? Chukueni saa ya simu. Kateni maua 20 kwa mkasi na kiolezo cha boksi gumu. Andikeni dakika. Mtu asiyejua dakika zake hawezi kujua mashine itamwokolea nini.

PIMENI UPANA WA MDOMO

Mdomo ni ile nafasi ambamo vibao vinapita. Upana wake ndio unaoamua mtakata kitu cha ukubwa gani.

Zipo mashine ndogo sana, mdomo wake ni sentimeta 6 au 7 hivi. Hizi hukata vipambo vidogo tu. Za kati zina mdomo wa sentimeta 15 hivi. Kubwa zina sentimeta 22 hivi.

Sasa tuangalie karatasi. Karatasi ya kawaida ya fotokopi, ile ya A4, ina upana wa sentimeta 21 na urefu wa sentimeta 29.7. Manila nayo huuzwa kwa kipimo hicho. Ukikata A4 katikati, kisha ukakunja nusu moja, unapata kadi yenye upana wa sentimeta 10.5 na urefu wa sentimeta 14.8. Kadi hiyo inapita vizuri katika mashine ya kati. Katika mashine ndogo haipiti.

Na bahasha je? Bahasha ya kadi hiyo ikifunuliwa ni pana kuliko mdomo wa mashine ya kati. Kwa hiyo itahitaji mashine kubwa, yenye bei kubwa na vibao vya bei kubwa. Je, mnunue kubwa kwa ajili ya bahasha? Si lazima. Bahasha ni mistari iliyonyooka. Kiolezo, rula na wembe vinaikata vizuri. Acheni mashine ikate maua na majani, vitu vinavyosumbua mkasi.

Kumbukeni pia kuwa vibao ni vyembamba kidogo kuliko mdomo, na kisu ni lazima kikae ndani ya kibao. Nendeni dukani na rula na kadi yenu. Pimeni kibao, msipime mashine kwa macho.

KISU KINENE NA KISU CHEMBAMBA

Visu vya umbo ni vya aina mbili.

Kisu kinene kimefungwa ndani ya sponji na kina unene wa sentimeta 1.6 hivi. Makali yake ni marefu. Hukata manila, boksi jepesi, kitambaa na ngozi laini. Huweza kukata tabaka kadhaa kwa mara moja. Lakini kinahitaji mashine ambayo nafasi kati ya rola inafika sentimeta 2 na zaidi.

Kisu chembamba ni bati la chuma lenye unene wa milimita 1 hivi, au pungufu. Ni chepesi, ni cha bei nafuu zaidi, na kina michoro midogo ya kupendeza. Lakini kimetengenezwa kukata karatasi moja kwa wakati. Mkikibebesha karatasi nne, mnakiharibu.

Hapa ndipo vikundi hukosea. Wananunua mashine ya kisu chembamba, kisha wanataka ikate ngozi ya ndala. Au wananunua kisu kinene cha bei nzuri, wakifika nyumbani hakiingii mdomoni. Mashine na kisu ni kama kufuli na ufunguo. Vinunueni vikiwa vimejaribiwa pamoja.

NENDENI NA VIFAA VYENU

Muuzaji atawaonyesha kwa karatasi yake laini, na itakatika vizuri. Waambieni wajaribu kwa vifaa vyenu.

Manila hukatika bila shida.

Karatasi iliyotengenezwa kwa mkono ina nyuzi na haina unene mmoja. Mjini Iringa, kituo cha Neema Crafts kilianza kazi mwaka 2003 kwa watu wenye ulemavu kutengeneza karatasi, hata kwa kutumia kinyesi cha tembo. Karatasi za namna hiyo ni nzuri, lakini nyuzi zake huweza kubaki bila kukatika. Huenda mkalazimika kuipitisha mara mbili.

Kitenge kikiwa peke yake hujikunja na kuacha nyuzi. Kibandikeni kwanza juu ya karatasi kwa gundi, kikauke kabisa, ndipo mkate.

Ganda la mgomba likiwa kavu mno huvunjika. Nalo libandikeni kwanza juu ya karatasi. Halafu jaribuni kipande kimoja kabla ya kukata mengi.

Shanga, vifungo, pini na mawe visipite kati ya rola kamwe. Vitavunja kibao na kuumiza chuma. Kateni kwanza, pambeni baadaye.

GHARAMA ILIYOJIFICHA: VIBAO

Kila mara unapokata, makali ya kisu huacha alama kwenye kibao. Kibao huchakaa. Baada ya muda hupinda, kisha hupasuka. Mashine yenyewe hukaa miaka mingi, lakini kibao huliwa kama sabuni. Ndiyo maana nasema, msiulize bei ya mashine peke yake. Ulizeni bei ya vibao, na kama vitapatikana mwaka kesho.

Tufanye hesabu pamoja. Bei zilizo hapa ni za mfano tu. Ninyi wekeni bei za kwenu.

Tuseme mashine pamoja na vibao vyake vya kwanza ni sh. 400,000. Visu vitano ni sh. 200,000. Jumla ni sh. 600,000.

Tuseme jozi mpya ya vibao ni sh. 60,000, nayo hukata mara 600. Basi kila mkato unakula sh. 100 ya vibao. Kadi yenu ikihitaji mikato miwili, vibao vinakula sh. 200 kwa kila kadi.

Sasa kadi moja:

Bei ya kuuza: sh. 1,500
Toa karatasi, gundi, kitambaa na bahasha: sh. 700. Zinabaki sh. 800.
Toa ujira wa mtengenezaji: sh. 200. Zinabaki sh. 600.
Toa uchakavu wa vibao: sh. 200. Zinabaki sh. 400.

Hizo sh. 400 ndizo zinazorudisha fedha ya sanduku. Gawanya 600,000 kwa 400. Jibu ni kadi 1,500. Mkipata oda ya kadi 100 kila mwezi, mtamaliza katika miezi 15. Lakini harusi nyingi za kijijini hufanyika baada ya mavuno. Kuna miezi ya oda mbili, na kuna miezi ya kimya.

Kikundi kilichosahau vibao kingegawanya 600,000 kwa 600, na kupata kadi 1,000. Kingejiahidi kugawana faida mapema, kabla fedha haijarudi. Tofauti ya kadi 500 ndiyo inayoleta maneno kwenye mkutano.

Kama hesabu yenu inaonyesha kuwa fedha haitarudi, msivunjike moyo. Endeleeni na mkasi mkitafuta oda. Au kaeni na kikundi cha jirani, mnunue mashine moja kwa pamoja, na muandikiane zamu na mgawanyo wa gharama za vibao.

MAZUNGUMZO DUKANI

Soma mazungumzo haya kwa sauti na mwenzako. Mmoja awe mama, mwingine muuzaji.

MUUZAJI: Shikamoo mama.
MAMA: Marahaba mwanangu. Hujambo?
MUUZAJI: Sijambo. Karibu. Hii ndiyo mashine yenyewe, imebaki moja tu.
MAMA: Haya. Vibao vyake unavyo hapa dukani?
MUUZAJI: Vimo ndani ya boksi, mama.
MAMA: Hivyo nimeviona. Nauliza vya kubadilisha vikichakaa.
MUUZAJI: Vya kubadilisha... vinaagizwa.
MAMA: Kwa bei gani, na vinakaa siku ngapi njiani?
MUUZAJI: Itabidi niulize.
MAMA: Uliza, mwanangu, nitasubiri. Na visu vya kampuni nyingine vinaingia?
MUUZAJI: Vyembamba vinaingia. Vinene haviingii.
MAMA: Vizuri umesema kweli. Sasa chukua hii manila yangu na hiki kitenge nilichokibandika. Kata nione.
MUUZAJI: Lakini mama, imebaki moja, na wateja ni wengi.
MAMA: Ikinunuliwa leo itakuja nyingine. Fedha ya watu kumi ikipotea, nitairudisha wapi?

Mama huyu hakugombana na mtu. Ameuliza, amepima, amejaribu. Asikubali kulipa kabla majibu yote hayajaandikwa kwenye daftari. Na akilipa, adai risiti yenye jina la kikundi, siyo jina lake.

Ikiwa mashine imeshatumika, aangalie mambo matatu zaidi. Rola zisiwe na michubuko. Mkono usicheze ovyo. Na akate umbo moja upande wa kushoto, katikati na upande wa kulia wa kibao. Upande mmoja ukikata na mwingine usikate, rola hazijalingana.

KUITUMIA NA KUITUNZA

1. Iwekeni juu ya meza imara isiyoyumba. Watoto wasiikaribie. Rola haibagui karatasi na kidole.
2. Fuateni mpangilio wa vibao ulioandikwa kwenye maelezo ya mashine. Mtu mmoja anayejua kusoma vizuri aunakili kwa maandishi makubwa na kuubandika ukutani.
3. Kisu chenye upande ulionyooka kilazwe mshazari kidogo. Hivyo rola haigongi ukingo wote kwa wakati mmoja, na mkono unakuwa mwepesi.
4. Msikate mahali pale pale kila siku. Hamisheni kisu. Geuzeni vibao juu chini, ili visipinde upande mmoja.
5. Vibao hulia kidogo vinapobanwa. Hiyo ni kawaida. Lakini mkono ukigoma, acheni. Rudisheni nyuma, mwangalie. Anayelazimisha kwa nguvu huvunja meno ya ndani.
6. Karatasi ikikatika upande mmoja tu, wekeni karatasi moja nyembamba chini ya kibao kama kabari. Ongezeni moja moja tu.
7. Vipande vikinasa ndani ya kisu, vitoeni kwa sindano, siyo kwa kucha.
8. Wekeni daftari la mashine. Andikeni tarehe, jina la mtumiaji, na idadi ya mikato. Vibao vikichakaa mtajua vilikata mara ngapi. Hapo hesabu yenu itakuwa ya kweli, haitakuwa ya kubahatisha tena.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kiolezo: umbo la kufuatisha wakati wa kuchora au kukata.
Uchakavu: kupungua kwa kitu kwa sababu ya kutumika.
Jozi: vitu viwili vinavyokwenda pamoja.
Mshazari: hali ya kulala upande, kutokunyooka na ukingo.
Kabari: kitu kidogo cha kujazia nafasi ili kingine kikaze.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mwanakikundi aende dukani na kadi yake na rula?
2. Kisu kinene kina faida gani? Kina shida gani?
3. Katika kikundi chenu, ni maumbo gani matatu mnayoyakata mara nyingi?
4. Nani atatunza daftari la mashine? Nani atamkagua?
5. Hesabu: Tuseme jozi ya vibao ya sh. 60,000 inakata mara 300 tu, siyo 600. Bei nyingine hazijabadilika. Je, itabaki shilingi ngapi kwa kila kadi? Kadi ngapi zitarudisha sh. 600,000?

Jibu la swali la 5: Kila mkato unakula sh. 200. Mikato miwili ni sh. 400. Zinabaki sh. 200 kwa kadi. Kadi zitakazorudisha fedha ni 3,000.

Fanyeni hesabu hiyo kwanza ninyi wenyewe, kisha mlinganishe na jibu. Halafu chukueni bei za duka la mji wenu na mfanye upya, mbele ya wanachama wote, sanduku likiwa bado limefungwa.